Dhahabu Hii Imetoka Wapi?



Katika kanda yetu hii, kuanzia Shinyanga na Kahama mpaka Geita, neno dhahabu husikika kila siku. Husikika sokoni, katika mabasi, kwenye mazishi, na hata nje ya mlango wa kanisa baada ya ibada. Watu huulizana: gramu ni bei gani leo? Rashi imetokea kijiji gani? Nani amepata? Maswali hayo hujibiwa upesi, na majibu yake husambaa kabla jua halijatua. Lakini liko swali moja ambalo twalisikia mara chache, nalo ndilo tunalotaka kulitazama mwezi huu. Dhahabu hii imetoka wapi? Hatuulizi jina la shimo. Twauliza imepita mikononi mwa nani, na imewagharimu nini.

Ili tupate kulijibu swali hili, twamwomba msomaji atembee nasi mbali kidogo, mpaka Ulaya ya miaka mia tano iliyopita. Sisi tuliofundisha katika chuo cha ualimu tulizoea kuwaambia wanachuo kwamba habari za Ulaya, ukizifuata kwa makini, mara nyingi utakuta ndani yake nyayo za kutoka nyumbani. Ndivyo ilivyo hapa. Katika kisa hiki imo dhahabu iliyochukuliwa pwani yetu wenyewe.

Zama tunazozizungumzia huitwa Renesansi, neno la Kifaransa lenye maana ya kuzaliwa upya. Zilianza katika miji ya Italia, hasa Florence, katika karne ya 14, zikaenea polepole nchi kwa nchi, na Uingereza ikafikiwa kwa kuchelewa, mwishoni mwa karne ya 15. Sababu zake zilikuwa nyingi. Mojawapo ilikuwa fedha. Wafanyabiashara wa Florence walikuwa na mabenki, na tangu mwaka 1252 mji wao ulipiga sarafu yake ya dhahabu, florini, iliyokubaliwa katika nchi nyingi. Sehemu kubwa ya dhahabu ya Ulaya siku zile ilitoka Afrika Magharibi, ikivushwa jangwa la Sahara kwa ngamia.

Sababu nyingine ilikuwa elimu iliyopokewa kutoka kwa wengine. Leonardo wa Pisa alijifunza tarakimu tunazotumia leo alipokuwa kijana katika mji wa Bugia, katika nchi inayoitwa sasa Algeria, naye akaziandikia kitabu mwaka 1202. Tarakimu hizo asili yake ni India, na Waarabu ndio waliozisafirisha. Kitabu cha tiba cha Ibn Sina kilisomwa katika vyuo vikuu vya Ulaya kwa mamia ya miaka. Maandiko ya Aristotle yaliwarudia watu wa Ulaya yakiwa na maelezo ya Ibn Rushd wa Cordoba. Mwaka 1397 Manuel Chrysoloras, mwalimu kutoka Constantinople, alianza kufundisha Kiyunani huko Florence; na mji wa Constantinople ulipotekwa na Waturuki mwaka 1453, wasomi wengine walikuja Italia na vitabu vyao. Kwa hiyo mtu akisema kwamba Ulaya ilijizaa yenyewe, amewasahau wakunga wake.

Lakini fedha na vitabu peke yake havikutosha. Miji mingine ilikuwa na fedha, na nyumba za watawa zilikuwa na vitabu vilivyojaa vumbi. Kilichowapambanua watu wale ni tabia moja: walipenda kurudi kwenye chemchemi. Walipopewa neno, hawakuridhika kusikia kwamba ndivyo lilivyosemwa siku zote. Waliuliza: limetoka wapi? Nani alilisema kwanza, na kwa lugha gani? Petrarch alitafuta maandiko ya kale katika maktaba za makanisa, na mwaka 1345 huko Verona alizikuta barua za Cicero zilizokuwa zimesahauliwa. Mwaka 1440 Lorenzo Valla aliichunguza hati iliyodaiwa kwamba ndiyo iliyompa Papa mamlaka juu ya nchi za magharibi kutoka kwa Kaisari Konstantino. Valla alionyesha kwamba Kilatini cha hati ile kilikuwa cha zama za baadaye sana, na kwamba Konstantino asingeweza kuiandika. Mwaka 1516 Erasmus wa Rotterdam alichapisha Agano Jipya la Kiyunani huko Basel.

Na hapo yafaa tutazame mfano mmoja unaotuhusu sisi Wakristo. Katika Biblia ya Kilatini watu walizoea kusoma maneno ambayo yalieleweka kana kwamba Yohana Mbatizaji anawaagiza wafanye kitubio, yaani watimize adhabu fulani waliyopangiwa. Wasomi waliporudi kwenye Kiyunani waliona kwamba neno lile asili yake ni kugeuka nia, kubadilika kwa moyo. Kurudi kwenye chemchemi kulifundisha kwamba toba si malipo, ni kugeuka. Tulishike jambo hilo, maana tutalihitaji huko mbele.

Sasa tuvuke bahari tuingie Uingereza. William Caxton alileta mashine ya kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476. John Colet, mkuu wa kanisa la St Paul's la London, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara tajiri wa nguo. Baba yake alipofariki, Colet hakuutumia urithi kwa kujijengea jumba. Aliutumia kuanzisha shule ya wavulana 153 mwaka 1509, na yasemwa kwamba hesabu hiyo ni ile ya samaki waliovuliwa katika sura ya mwisho ya Injili ya Yohana. Rafiki yake Thomas More aliandika mwaka 1516 kitabu kiitwacho Utopia, habari za kisiwa cha kubuni. Wasomaji wa Geita wangekifurahia, kwa maana katika kisiwa kile dhahabu ilidharauliwa kabisa. Watu walikula katika vyombo vya udongo, na dhahabu wakaifanya vyungu vya kujisaidia usiku na minyororo ya wafungwa, ili watoto wakue wakiiona kuwa kitu cha aibu. Naye William Tyndale alitafsiri Agano Jipya kutoka Kiyunani kwenda Kiingereza cha watu wa kawaida. Likachapwa Worms, nchi ya Ujerumani, mwaka 1526, na kuingizwa Uingereza kwa siri ndani ya mizigo ya nguo.

Mpaka hapa habari ni njema, na mwalimu angeweza kufunga kitabu akatoka darasani akitabasamu. Lakini haitupasi kufunga kitabu mapema. Swali la maadili ndilo linaanza: watu wale, kwa elimu yao yote, walikuwa wema kuliko wengine?

Tuanze na Kilwa. Wakati Renesansi imestawi, mji wa Kilwa Kisiwani ulikuwa na sifa kubwa. Msikiti wake mkuu na jumba la Husuni Kubwa vilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na Ibn Battuta aliyeutembelea mwaka 1331 aliusifu uzuri wake. Utajiri wa Kilwa ulitokana sana na dhahabu iliyochimbwa bara, katika nchi za Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na kundi la manowari, akatishia kuupiga mji kwa mizinga. Mtawala wa mji, Amiri Ibrahim, akakubali kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 Wareno walirudi na jeshi la Francisco de Almeida, wakaupora mji.

Je, dhahabu ile ya kodi ilikwenda wapi? Hilo twalijua. Mfalme Manuel I aliagiza itengenezwe chombo cha kanisa, cha kuonyeshea mkate wa Sakramenti. Kazi ilikwisha mwaka 1506. Chombo hicho kipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la taifa la sanaa za kale mjini Lisbon. Urefu wake ni sentimita 73, na ndani yake mitume kumi na wawili, wamefinyangwa kwa dhahabu na rangi, wamepiga magoti kumzunguka Bwana wao. Wajuzi hukihesabu miongoni mwa kazi nzuri kabisa za ufundi wa dhahabu katika Ureno nzima. Na chini yake yameandikwa maneno yanayosema wazi kwamba mfalme aliagiza kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Tulitazame jambo hili polepole. Mtu angeweza kusema kwamba watu wale walirudi kwenye chemchemi ya vitabu lakini wakasahau kurudi kwenye chemchemi ya dhahabu. Sivyo. Waliijua chemchemi yake, wakaiandika kwa herufi za kudumu. Hawakuona aibu. Waliandika asili ya dhahabu ile kwa majivuno, kama mwindaji aningʼinizavyo pembe juu ya mlango wake. Kumbe mtu aweza kuuliza mali imetoka wapi, akapata jibu la kweli kabisa, na jibu hilo lisimguse moyo hata kidogo. Na haki yatutaka tuseme pia kwamba hatujui kisa cha mtu wa Kilwa aliyewauliza wachimbaji wa bara waliishije. Dhahabu ilipita mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na sababu ya kutazama mbele tu.

Nao Waingereza? Mwaka 1564, mwaka ule ule aliozaliwa Shakespeare, John Hawkins alianza safari yake ya pili ya kununua na kuteka watu Afrika Magharibi awapeleke utumwani ngʼambo ya Atlantiki. Malkia Elizabeth I, mwanamke msomi aliyejua Kilatini na Kiyunani, alimkodisha meli yake mwenyewe. Jina la meli ile lilikuwa Jesus wa Lübeck. Tena mwaka 1563 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaua wachawi, na mwaka 1604 likaifanya kali zaidi, na wengi walionyongwa walikuwa wanawake maskini. Hata Thomas More, aliyeifanya dhahabu chungu cha usiku, alipopata madaraka aliwasaka wasomaji wa Tyndale. More mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1535, na Tyndale akanyongwa na kuchomwa karibu na Brussels mwaka 1536. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa chemchemi zile zile.

Basi je, tuseme elimu haina maana? Hasha. Mwalimu hawezi kusema hivyo, na isingekuwa kweli. Mkono ule uliochapa vitabu ulitufikia nasi. Alexander Mackay, fundi na mmisionari wa CMS, alipolazimika kuondoka Buganda mwaka 1887, alihamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, upande wetu huu. Hapo aliendelea kutafsiri na kuchapa Injili kwa Kiganda mpaka alipofariki Februari 1890. Na Mwalimu Julius Nyerere, katikati ya kazi za kuongoza taifa, alikaa chini akamtafsiri Shakespeare: Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Katika tamthilia hiyo ya pili yamo masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Atakayechagua sawasawa atamwoa binti tajiri. Anayefungua la dhahabu hukuta ndani fuvu la kichwa cha mtu. Tukiishi Geita au Kahama, kisa hicho hakihitaji mwalimu wa kutufafanulia.

Tunachosema ni hiki. Elimu humpa mtu macho ya kuona chemchemi. Haimpi moyo wa kugeuka baada ya kuiona. Macho bila moyo huandika jina la Kilwa chini ya kikombe cha dhahabu na kuendelea na ibada. Moyo bila macho nao hutoa sadaka kwa nia njema pasipo kujua inamwumiza nani. Vyote viwili vyatakiwa.

Kanisa letu lina mfano wa vyote viwili vikikutana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale, Mkunazini. Askofu Edward Steere, aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi. Yasemwa kwamba madhabahu imesimama palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Lisbon na Mkunazini zote mbili zimeandika asili ya mahali au kitu. Lakini anayepiga magoti Mkunazini anapiga magoti juu ya uchungu wa watu, akijua, na akiombea jambo lile lisirudi tena.

Sasa turudi nyumbani. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu zama za Wajerumani. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Geita ikawa mkoa mwaka 2012, na Machi 2019 likafunguliwa soko la dhahabu, jambo jema, kwa kuwa mchimbaji mdogo hapunjwi tena gizani kama zamani. Sokoni hapo mizani hupima uzito, na mtaalamu hupima usafi. Asili ambayo mizani haiwezi kuipima imebaki kuwa kazi yetu.

Asili hiyo ni maduara yanayochimbwa kwa sululu na kushikiliwa kwa magogo. Mwezi Oktoba 2015 ardhi iliwafukia wachimbaji huko Nyangalata, mkoani Shinyanga, na watano walitolewa hai baada ya siku 41. Twamshukuru Mungu kwa hao watano. Lakini kila mzee wa kanisa katika kanda hii amekwisha kuzika mtu ambaye hakutolewa hai. Asili hiyo ni zebaki pia. Mawe husagwa kwenye karasha, unga huchanganywa na zebaki kwa mikono mitupu, kisha kile kidonge huchomwa motoni, mara nyingine jikoni penyewe, mama na mtoto wakiwa karibu. Moshi wake hauna rangi ya kutisha, lakini hudhuru ubongo, figo, na mtoto aliye tumboni. Maji ya kuoshea huenda mtoni, na samaki huyanywa.

Na asili hiyo ni watoto wetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa migodini. Pamoja na hayo, mwalimu yeyote wa kanda hii anajua rashi inapotokea darasa hufanyaje. Jumatatu wako wengi, Ijumaa madawati yana nafasi. Mmoja amekwenda kubeba viroba, mwingine kuuza maji, msichana amekwenda kupika kwa mama lishe na hatujui atarudi namna gani. Wapo wazazi wanaosema mtoto anajifunza maisha. Twasema anajifunza kitu kimoja tu, kwamba swali la imetoka wapi halina faida.

Liko jambo jingine la kanda yetu ambalo halihusu dhahabu moja kwa moja, lakini limetoka katika kutouliza huko huko. Kwa miaka mingi katika Usukuma vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na alama waliyotafutiwa ni macho mekundu. Tuulize basi kama Valla alivyoiuliza ile hati: wekundu huu umetoka wapi? Umetoka katika moshi. Mama huyu amepika miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni na kwa samadi ya ngʼombe pale kuni zilipokwisha. Macho yake ni mekundu kwa sababu alitulisha. Wauaji wake walikula chakula kilichopikwa kwa moshi ule ule. Tukitazama sheria zile za Uingereza za 1563 na 1604 tutaona kwamba hata nchi yenye Shakespeare ilinyonga vikongwe, kwa hiyo tusijifariji kwamba shule zikizidi mambo yatanyooka yenyewe.

Tunajua watu wawili watatupinga, na wote wawili wana hoja ya kusikilizwa.

Wa kwanza ni mzee wa kanisa. Atasema: mkiuliza asili ya kila shilingi, kanisa halitaezekwa, na mwenye dhahabu atapeleka sadaka yake kwingine. Twamjibu kwamba kuuliza si kukataa. Daktari anayemuuliza mgonjwa amekula nini hamfukuzi. Lakini kweli kuna wakati kukataa kutatupasa. Makuhani wa Yerusalemu walizipokea fedha alizorudisha Yuda, wakasema haifai kuziweka katika sanduku la sadaka, kwa kuwa ni kima cha damu. Waliuliza swali sahihi. Kosa lao ni kwamba wao wenyewe ndio waliozitoa fedha zile, na walipozitoa hawakuuliza. Sisi tuulize mwanzoni.

Wa pili ni mchimbaji mwenyewe. Atasema: ninyi mna pensheni, ndiyo maana mna nafasi ya kuuliza; mwenye njaa haulizi. Hoja hii ni nzito kuliko ya kwanza, na hatuwezi kuikwepa. Twajibu kwamba swali hili halianzii kwake. Kadiri mtu anavyokuwa karibu na dhahabu iliyokwisha kusafishwa na mbali na shimo, ndivyo anavyodaiwa jibu zaidi. Mwenye duara hudaiwa kabla ya mchimbaji. Mnunuzi hudaiwa kabla ya mwenye duara. Bwana arusi anayevisha pete mbele ya madhabahu hudaiwa, na kasisi anayeibariki, na sisi tunaopiga vigelegele. Kijana mwenye kiroba begani ndiye wa mwisho kuulizwa, na akiulizwa aulizwe jambo moja tu: mwanangu, umekula?

Tunapendekeza basi mambo manne kwa mabaraza ya parishi zetu, yote madogo, yote yakiwezekana bila fedha za wafadhili.

Kwanza, mtu akileta shukrani kubwa kutokana na dhahabu, mchungaji na aketi naye kwa faragha na kwa upendo. Amuulize wenzake wa shimoni wamelipwa? Kama kuna aliyefia humo, mjane wake amepata nini? Huyu si askari anayehoji. Ni mchungaji anayechunga.

Pili, walimu wa shule ya Jumapili waandike majina ya watoto wanaotoweka rashi inapotokea, na wazee wawatembelee wazazi juma lile lile, wasingoje muhula uishe.

Tatu, Wakristo wenye maduara na mialo wanunue kile chombo cha kuchomea kilichofungwa, kinachorudisha mvuke wa zebaki ndani ya maji, na wasikubali dhahabu ichomwe tena jikoni wala karibu na watoto.

Nne, akina mama wa Umoja wa Mama wajiwekee zamu ya kuwatembelea vikongwe wanaoishi peke yao, mchana kweupe, majirani wakiona, ili kila mtu ajue mama huyu ana watu wake. Na vijana wamtobolee dirisha jikoni.

Kwa mwenye mali nyingi tunaongeza mfano wa Colet. Alipokea mali ya biashara kutoka kwa baba yake, akaigeuza shule. Katika kanda hii tunahesabu nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa dhahabu, nasi hatuwaonei wivu wenyewe. Tungependa siku moja tuhesabu na madarasa.

Mwisho tumkumbuke Mfalme Daudi. Siku moja vitani alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mji wa kwao, na watu wake watatu wakapenya katikati ya adui wakamletea. Daudi alikuwa na kiu kweli, na maji yalikuwa safi. Lakini aliyatazama akaona ndani yake maisha ya wale watatu, akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana. Hatusemi kila dhahabu imiminwe. Daudi hakumimina kila kikombe alichopewa. Ila aliweza kuona watu ndani ya maji, na hilo ndilo tunaloliomba kwa ajili ya kanda yetu: kwamba tukishika gramu moja mkononi tuweze kuona ndani yake kijana wa shimoni, mama wa jikoni, na mtoto ambaye Ijumaa hakuwapo darasani. Tukishawaona, tuwaendee.